Kuumia uti wa mgongo si mwisho wa unyumba: elimu ya afya ya uzazi ambayo familia za Pangani zinastahili kuipata

Na Mwandishi Wetu, Pangani

Wilayani Pangani, mkoani Tanga, mnazi ni kitoweo, ni ada ya shule na ni akiba ya uzeeni. Ni mti huohuo unaompandisha mkwezi juu sana kutoka ardhini, panga likiwa kiunoni, mara nyingi bila kifaa chochote cha kumkinga iwapo mguu utateleza. Kando ya minazi kuna pikipiki za abiria zinazokimbia usiku na mchana kati ya mji wa Pangani, jiji la Tanga na vijiji vilivyo ng'ambo ya mto, kuanzia Bweni hadi Mkwaja. Tafiti zilizofanyika katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi zimeonyesha kwamba kuanguka kutoka juu, ikiwemo kutoka kwenye miti, pamoja na ajali za barabarani, ndizo sababu kuu za watu kuumia uti wa mgongo katika ukanda wa kaskazini mwa Tanzania.

Mtu akinusurika katika ajali ya namna hiyo, maswali ya ndugu hufuatana. Je, atatembea tena? Atarudi kazini? Nani atamhudumia? Lipo swali jingine ambalo kila mmoja analo moyoni lakini hakuna anayelitamka: ndoa yake itakuwaje, na je, ataweza kupata mtoto? Mgonjwa huona haya kuliuliza. Mwenzi wake hulinyamazia asije akaonekana hana huruma. Mtoa huduma za afya naye hungoja aulizwe. Matokeo yake ni kwamba mtu hutoka wodini akiwa na mpira wa mkojo, kiti mwendo na tarehe ya kurudi kliniki, bila kuelezwa neno lolote kuhusu unyumba wake.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Makala haya yanalenga kuwaeleza wananchi mambo ya msingi kuhusu afya ya uzazi na ujinsia kwa watu walioumia uti wa mgongo: nini hubadilika mwilini, nini hakibadiliki, tahadhari gani zichukuliwe, haki gani zinatambuliwa na sheria, na mtu aanzie wapi anapohitaji msaada.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na athari za kuumia uti wa mgongo. Hapa nchini, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wanaishi na ulemavu wa aina mbalimbali. Wengi wa wanaoumia uti wa mgongo kwa ajali ni vijana na watu wa makamo, yaani watu walio katika umri wa kuoa, kuolewa na kulea.

Swali la ndoa kwa watu hawa halikuwa na nafasi kubwa katika tiba ya zamani, kwa kuwa wengi wao hawakuishi muda mrefu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo mara nyingi alifariki kwa maambukizi ya figo au vidonda vya kulalia. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha tiba ya uti wa mgongo katika Hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, akasisitiza kugeuzwa kwa mgonjwa kitandani, utunzaji wa kibofu, mazoezi na michezo. Wagonjwa wakaanza kuishi. Na anayeishi hutaka pia kupenda, kupendwa na kuwa na familia.

Nini hutokea mwilini

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno "uti wa mgongo" hutumika kwa vitu viwili: pingili za mifupa zinazoushikilia mwili, na mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili hizo. Mfupa ukivunjika bila mshipa huo kuguswa, mtu anaweza kupona bila kupooza. Mshipa huo ukijeruhiwa, mawasiliano kati ya ubongo na sehemu za mwili zilizo chini ya jeraha hupungua au hukatika. Hapo ndipo mtu hupoteza nguvu za miguu, hisia za ngozi, na uwezo wa kuzuia mkojo na choo.

Viungo vya uzazi hupokea amri kupitia njia mbili. Njia ya kwanza huanzia kwenye ubongo, kwa fikra, kuona au kusikia, na hutokea kwenye uti wa mgongo kati ya sehemu ya chini ya kifua na sehemu ya juu ya kiuno. Njia ya pili ni ya mguso: kiungo kikiguswa, taarifa hufika kwenye sehemu ya chini kabisa ya mshipa mkuu wa fahamu na jibu hurudi hapohapo, bila kusubiri ubongo.

Kwa sababu hiyo, athari hutegemea mahali jeraha lilipo na kiasi cha mishipa iliyosalia. Mtu aliyeumia shingoni au juu ya kifua anaweza kupoteza njia ya fikra, lakini njia ya mguso ikabaki ikifanya kazi. Aliyeumia sehemu ya chini kabisa anaweza kupoteza njia ya mguso huku njia ya fikra ikiwa imesalia kwa kiasi. Wapo pia ambao jeraha lao halikukata mawasiliano yote, na kwao sehemu ya hisia na nguvu hubaki au hurejea polepole. Ndiyo maana haifai mtu mmoja kupimwa kwa yaliyompata mwingine. Majibu ya "haiwezekani tena" yanayotolewa mtaani, hata yakitoka kwa mtu mwenye nia njema, si uchunguzi wa kitabibu.

Katika wiki za mwanzo baada ya ajali, mwili huwa katika mshtuko, na shughuli nyingi zilizo chini ya jeraha huzimika kwa muda. Hali ya kipindi hicho haitoshi kutabiri maisha ya mbele. Aidha, hamu ya mapenzi, upendo na haja ya kuwa karibu na mwenzi haviishi katika miguu wala kiunoni. Wengi hugundua kwamba sehemu za mwili zilizobaki na hisia, kama vile shingo, masikio, uso na kifua, huwa na usikivu mkubwa kuliko zamani.

Kwa upande wa wanaume

Kwa wanaume wengi walioumia uti wa mgongo, uume unaweza kusimama kwa mguso, ingawa pengine si kwa muda wa kutosha. Zipo dawa zinazosaidia, mojawapo ikiwa sildenafili, lakini zinapaswa kuandikwa na daktari baada ya uchunguzi. Dawa hizo haziruhusiwi kabisa kwa mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Mtu aliyeumia juu ya kifua au shingoni anao wajibu wa ziada: akifikishwa hospitalini kwa dharura, amweleze mtoa huduma kuwa ametumia dawa ya aina hiyo, ili asipewe nyingine inayopingana nayo.

Tahadhari hii inahusu pia unga, mizizi na vidonge vinavyouzwa barabarani kwa jina la dawa za nguvu za kiume. Bidhaa ambayo haijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) haijulikani ina nini wala kipimo chake ni kipi. Mtu aliyepooza, ambaye mwili wake tayari una shida ya kudhibiti shinikizo la damu, yuko katika hatari kubwa zaidi anapoitumia.

Kuhusu kupata mtoto, wanaume wengi hushindwa kutoa manii kwa njia ya kawaida baada ya ajali, na uwezo wa mbegu kuogelea hupungua. Hata hivyo, kushindwa kutoa manii si sawa na kutokuwa na mbegu. Zipo njia za kitabibu za kuzipata, ikiwemo mtetemo wa kifaa maalumu na taratibu nyingine za hospitalini, ambazo hupatikana kwa wataalamu wa mfumo wa mkojo na uzazi. Wapo pia wanaopata watoto bila msaada wowote wa kitabibu. Kwa hiyo, mume asijihesabu kuwa tasa kabla ya kupimwa, na ambaye hataki mtoto asidhani kuwa ajali imekuwa kwake njia ya uzazi wa mpango.

Kwa upande wa wanawake

Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa baada ya ajali. Baada ya hapo hedhi hurejea kwa walio wengi, na uwezo wa kushika mimba hubaki kama ulivyokuwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Mwanamke anaweza kushika mimba akiwa bado anaamini kuwa mwili wake "umefunga".

Uke unaweza kuwa mkavu kwa sababu amri ya kutoa ute haifiki kama zamani. Vilainishi vya maji vinavyopatikana katika maduka ya dawa husaidia. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando hayafai pale kondomu za mpira zinapotumika, kwa kuwa huzidhoofisha zikapasuka.

Mwanamke huyu anaweza kubeba mimba, kujifungua na kunyonyesha. Hata hivyo, ujauzito wake unahitaji uangalizi wa karibu. Maambukizi ya njia ya mkojo huongezeka, uzito wa mimba huongeza uwezekano wa vidonda vya kulalia, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu kwa sababu haitembezwi. Aidha, aliyeumia juu ya pingili ya 10 ya kifua anaweza asisikie uchungu wa uzazi. Dalili zake huwa nyingine: tumbo kukaza na kulegea linaposhikwa kwa mkono, miguu kukakamaa kuliko kawaida, pumzi kubadilika, jasho au kuumwa kichwa.

Kwa jiografia ya Pangani, jambo hili si dogo. Mama anayeishi kusini mwa mto, mbali na hospitali, akisubiri kusikia uchungu ndipo safari ianze, anaweza kujifungulia njiani au nyumbani bila msaada. Inashauriwa aanze kliniki mara anapojua ana mimba, asajiliwe kama mjamzito anayehitaji rufaa, na familia ipange mapema atakaa wapi katika wiki za mwisho ili awe karibu na hospitali yenye uwezo wa upasuaji. Upasuaji wenyewe si lazima kwa kila mmoja. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Uamuzi hufanywa na daktari kwa kuangalia hali ya mama na mtoto, si kwa kuangalia kiti mwendo.

Maandalizi na tahadhari

Wenzi wengi huogopa tendo la ndoa kwa hofu ya kuumizana au kuaibika. Hofu hiyo hupungua wanapojua mambo machache ya kufanya.

Kwanza ni kibofu na choo. Inashauriwa mkojo utolewe kabla ya tendo, na ratiba ya choo ipangwe ili utumbo usiwe umejaa. Anayetumia mpira wa mkojo wa muda mrefu hahitaji kuahirisha unyumba wake. Kwa mwanamke, mpira unaweza kubandikwa kwa plasta tumboni. Kwa mwanamume, unaweza kukunjwa kando ya uume na kufunikwa kwa kondomu. Namna salama ya kufanya hivyo huonyeshwa na muuguzi. Hata baada ya maandalizi, ajali ndogo ya mkojo inaweza kutokea. Wenzi waliozungumza mapema huweka taulo karibu na kuendelea na maisha yao.

Pili ni ngozi. Sehemu isiyo na hisia haiwezi kutoa taarifa kuwa imeminywa au kuchubuka. Godoro lisiwe gumu, mto uwekwe chini ya sehemu zenye mifupa, mkao ubadilishwe, na ngozi ikaguliwe baadaye kwa macho au kioo. Wekundu usiotoweka, na kwa mwenye ngozi nyeusi weusi uliozidi au joto la mahali pamoja, ni dalili ya mwanzo wa kidonda.

Tatu, na iliyo muhimu kuliko zote, ni shinikizo la damu kupanda ghafla. Hali hii huwapata hasa walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu. Mwili ukipata kichocheo chini ya jeraha, iwe ni kibofu kilichojaa, choo kigumu, tendo la ndoa au uchungu wa uzazi, shinikizo linaweza kupanda haraka bila ubongo kuweza kulishusha. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa nguvu, uso kuiva, jasho kutoka juu ya jeraha, pua kuziba na mapigo ya moyo kupungua. Hatua za kuchukua ni kusitisha mara moja, kumketisha mhusika wima, kulegeza nguo na mikanda, na kuangalia kama mkojo umeziba au mpira umekunjika. Dalili zisipoisha kwa haraka, afikishwe hospitalini bila kuchelewa, kwa kuwa hali hiyo inaweza kusababisha kiharusi.

Kinga haibagui

Ipo dhana kwamba mtu mwenye ulemavu hashiriki tendo la ndoa, hivyo hahitaji kupimwa Virusi vya UKIMWI, kupewa kondomu wala kushauriwa kuhusu uzazi wa mpango. Dhana hiyo ni ya hatari. Maambukizi ya zinaa yanaweza kuendelea kimya kwa mtu asiye na hisia, kwa sababu maumivu yanayomleta mwingine kituoni yeye hayapati. Usaha, harufu, homa au miguu kukakamaa bila sababu vinapaswa kuchunguzwa.

Katika uzazi wa mpango, mwanamke asiyetembea anapaswa kumweleza mtoa huduma hali yake kabla ya kuchagua njia. Vidonge vyenye mchanganyiko wa homoni mbili vinaweza kuongeza uwezekano wa damu kuganda, hivyo njia nyingine huzingatiwa kwanza. Vilevile, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti unamhusu kama unavyomhusu mwanamke mwingine yeyote. Kitanda cha uchunguzi kilicho juu sana si sababu ya kumrudisha nyumbani. Watoa huduma wanaweza kumsaidia kupanda au kumchunguza kwa mkao mwingine.

Lipo pia suala la ukatili. Mtu anayemtegemea mwingine kuogeshwa na kuvalishwa anaweza kudhulumiwa na huyohuyo anayemhudumia. Kuumia uti wa mgongo hakumwondolei mtu haki ya kukataa, hata ndani ya nyumba yake. Vitendo hivyo vitolewe taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi au kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Nani aanzishe mazungumzo

Pwani yetu haikukosa elimu ya unyumba. Tangu zamani, mwari alikuwa na kungwi wake, na bibi harusi alikuwa na somo wa kumfunda, kwa faragha na kwa lugha ya staha. Mazungumzo haya, kwa hiyo, si jambo geni lililoletwa kutoka mbali. Kilichopungua ni kwamba mafunzo hayo yalimlenga mtu mwenye afya anayeanza ndoa, si mkwezi wa miaka 30 aliyerudi nyumbani akiwa amepooza, wala mkewe anayejiuliza iwapo ni vibaya kumtamani.

Katika tiba, upo utaratibu unaojulikana sana uliopendekezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, mwaka 1976, wenye hatua nne. Hatua ya kwanza ni ruhusa: mtoa huduma humfungulia mgonjwa mlango wa kuuliza. Ya pili ni taarifa chache za msingi. Ya tatu ni ushauri mahususi kulingana na hali ya mgonjwa. Ya nne ni tiba ya kina kwa mtaalamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hatua ya kwanza haihitaji mashine wala bingwa. Muuguzi wa zahanati anaweza kusema, "Watu wengi wenye hali kama yako huwa na maswali kuhusu ndoa na kupata watoto, ukiwa na lolote, karibu tuzungumze." Mgonjwa anaweza asiseme kitu siku hiyo. Lakini atakuwa amejua kwamba swali lake halimshangazi mtu.

Mwenzi naye asisahaulike. Mke anayemsafisha mumewe, kumgeuza na kumbadilishia mpira wa mkojo usiku na mchana hujikuta amekuwa mhudumu zaidi ya kuwa mke. Vivyo hivyo kwa mume mwenye mke aliyeumia. Pale inapowezekana, ndugu wapokee sehemu ya kazi hizo, ili wenzi wabakiwe na saa zao za kuwa mume na mke. Mlango wenye komeo na ahadi ya ndugu ya kubisha hodi kabla ya kuingia ni msaada mkubwa kwa ndoa ya mtu aliyepooza, na havigharimu kitu.

Viongozi wa dini, wazee na masomo wa mitaani wana nafasi yao pia. Wao ndio hufikiwa kwanza ndoa inapoyumba. Wakiwa na taarifa sahihi, watawashauri wenzi kwenda kituo cha afya kabla ya kuwashauri kuachana.

Sheria inasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Neno "unyumba" limo katika Katiba yenyewe, na halikuwekewa sharti la mtu kuwa anatembea kwa miguu yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 23 ya Mkataba huo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuoa au kuolewa, kuanzisha familia na kuamua idadi ya watoto wake. Ibara ya 25 inazitaka nchi kumpa huduma za afya zenye ubora uleule wanaoupata wengine, na inataja wazi kuwa afya ya ujinsia na uzazi ni sehemu ya huduma hizo. Mwaka 2010, Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayokataza ubaguzi dhidi ya watu hawa, ikiwemo katika huduma za afya.

Kwa upande wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba ajali inayompata mmoja wa wanandoa huivunja ndoa yenyewe. Talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Ndugu wanaomchukua mke au mume wa mtu aliyelazwa kwa madai kwamba "ndoa imekwisha" hawana mamlaka hayo.

Pa kuanzia

Mwananchi wa Pangani anayehitaji ushauri anaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya cha karibu, au kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Pangani, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo. Masuala yanayohitaji mabingwa hupelekwa KCMC, Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Anapokwenda, achukue kadi na barua alizopewa alipotoka hospitalini, hasa inayoonyesha pingili iliyoumia, kwa kuwa ushauri mwingi hutegemea taarifa hiyo. Anaweza kwenda na mwenzi wake, na anayo haki ya kuomba kuzungumza faraghani.

Kwa msaada wa usafiri, kiti mwendo au bima, Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ndiye wa kuonana naye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia watu wasio na uwezo. Vyama vya watu wenye ulemavu, vinavyounganishwa na shirikisho lao la SHIVYAWATA, huwakutanisha watu wenye hali zinazofanana. Mara nyingi maneno yanayomtia mtu moyo zaidi ni yale ya mwenzake aliyekaa katika kiti mwendo kwa miaka kadhaa na ambaye leo anamsindikiza mwanawe shuleni.

Msimu wa kuangua nazi utakuja tena, na pikipiki hazitaacha kupita barabara ya Pangani. Kuzuia ajali kunabaki kuwa jukumu la kwanza la kila mmoja. Kwa wale ambao ajali imekwisha kuwafika, wanachohitaji katika hili hakianzi na mtambo wa gharama kubwa. Kinaanza na mtoa huduma anayeuliza, mgonjwa anayejibu, na familia inayoelewa kwamba aliyerudi nyumbani akiwa katika kiti mwendo bado ni mume wa mtu, mke wa mtu, au mtu anayetarajia kuwa hivyo.